Mkono Usiosogea Haujafa

Ndugu msomaji, labda wewe mwenyewe umelala kitandani sasa, na mkono wako wa kuume umelala kando yako kama mzigo wa mtu mwingine. Au labda wewe ni mke, au mtoto, au mshirika wa kanisa uliyekuja kumwangalia mgonjwa, ukapewa kitabu hiki wakati wa kungoja. Kila juma katika nyumba ya wagonjwa mtu huniuliza swali moja, naye huliuliza kwa sauti ndogo ili mgonjwa asisikie: "Munganga, mkono huu umekufa?" Somo hili ni jibu la swali hilo.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Hapa Lubumbashi watu wamezoea kuuita AVC, kwa jina la Kifaransa. Kwa Kiswahili twasema kiharusi. Mshipa wa damu ndani ya kichwa umezibika, au umepasuka. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hukosa damu, na baada ya muda mfupi hufa. Angalia vizuri hapo: iliyokufa ni sehemu ya ubongo. Mkono haukupata jeraha lo lote. Nyama yake ni nzima, mifupa yake ni mizima, damu inapita ndani yake, ukiushika una joto. Ila amri ya kuusogeza haifiki.

Amri hiyo hupita njia ya kuvukana. Nusu ya kushoto ya ubongo huutawala mkono wa kuume, na nusu ya kuume huutawala mkono wa kushoto. Nyuzi za fahamu huvuka pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Ndiyo sababu mtu aliyeumia upande wa kushoto wa kichwa hupooza upande wa kuume, na mara nyingi maneno pia humpotea, kwa kuwa kwa watu wengi usemi hukaa upande wa kushoto. Nyuzi nyingi huvuka, lakini chache hazivuki, hubaki upande wake zikashuka. Uzikumbuke hizo chache, tutazirudia.

Wazee wa reli hapa kwetu watalifahamu jambo hili upesi. Zamani shaba ya Katanga ilipita Tenke na Dilolo, ikaingia Angola kwa reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ile. Je, shaba ilikufa? Hapana. Migodi ilikuwapo, bandari zilikuwapo. Shaba ikapita kusini, Zambia mpaka Afrika Kusini. Nyingine ikaenda kwa gari la moshi mpaka Ilebo, ikapakiwa katika mashua kwenda Kinshasa, ikapanda tena gari la moshi mpaka Matadi. Njia ndefu, yenye taabu, na mizigo ilichelewa. Lakini ilifika.

Ubongo nao hufanya hivyo. Njia kubwa ikikatika, hutafuta vijia. Swali ni hili: tutajuaje? Kichwa hakina dirisha. Mtu akisimama mgodini peke yake ataona mabehewa yanatoka, wala hajui yanafika wapi. Mwingine akisimama bandarini peke yake ataona mzigo umefika, wala hajui umepita wapi. Lakini hao wawili wakilinganisha saa zao na hesabu zao, wataijua njia. Ndivyo madaktari walivyojifunza kufanya: mmoja husikiliza kichwani, mwingine husikiliza kwenye msuli, kisha hulinganisha.

Maana ubongo hufanya kazi kwa umeme, na msuli pia. Umeme huu ni mdogo mno. Jiwe moja la tochi lina nguvu ya volti 1.5, umeme wa ubongo unaosikika juu ya ngozi ya kichwa ni kama sehemu moja tu ya 30,000 ya nguvu hiyo. Daktari mmoja Mjerumani, Hans Berger, wa mji wa Jena, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunasa katika mtu, mwaka 1924. Hakuwa na haraka ya kusema, alirudia kazi yake miaka mitano, akaitangaza mwaka 1929. Mashine yake ilichora mawimbi juu ya karatasi. Mchoro huo huitwa elektroensefalogramu. Ule wa msuli huitwa elektromiogramu. Majina ni marefu, lakini kazi yake ni nyepesi: visahani vidogo vya chuma hubandikwa juu ya ngozi, na waya huchukua habari. Mgonjwa hasikii maumivu ya visahani hivyo.

Sasa, mtu mzima akishika kikombe na kukikaza, mawimbi ya ubongo na mawimbi ya msuli wa mkono huenda pamoja, kati ya mara 15 na 30 kwa kila sekunde, kama mpiga ngoma na kwaya wanaosikilizana. Baada ya kiharusi kusikilizana huko hulegea. Mkono unapoanza kurudi, watafiti wameona mara nyingi kwamba kusikilizana nako hurudi. Tena wameona jambo la kushangaza: kwa wagonjwa wengine wimbi linalopatana na msuli halitoki mahali pake pa zamani. Hutoka kando ya mahali pale, au hata katika upande wa kichwa ambao haukuumia. Ngoma imehamia kwa mpigaji mwingine.

Mwaka 1985 ikapatikana njia nyingine, huko Sheffield, Uingereza. Anthony Barker na wenzake walitengeneza sumaku yenye nguvu. Wakiishika juu ya kichwa na kuipiga mara moja, ubongo ulio chini yake huamka na kupeleka amri. Kidole gumba huruka chenyewe, mgonjwa hakutaka. Amri hiyo hutoka kichwani ikafika mkononi kwa muda wa sehemu kama 20 za elfu moja ya sekunde. Ikichelewa, njia ina taabu. Isipofika kabisa, njia imefungwa, au iliyobaki ni nyembamba mno.

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Katika nchi yetu, upande wa Kwango, kuna ugonjwa uitwao konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Jina hili ni la Kiyaka, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata watu, hasa watoto na mama, wanaokula muhogo mchungu ambao haukuloweka siku za kutosha, na hawana chakula kingine cha kutia mwili nguvu. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Watu wa vijijini walidhani miguu imerogwa. Basi wagonjwa wawili wa nchi yetu walipelekwa Sweden wakapimwa, na habari zao zikatangazwa mwaka 1993: madaktari walipoipiga sumaku juu ya kichwa, misuli haikujibu. Baadaye daktari Mkongomani, Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzake, waliendelea kuwapima wagonjwa wa konzo kwa sumaku na kwa umeme, wakatangaza kazi yao mwaka 2002. Konzo si kiharusi, na sababu yake ni nyingine. Lakini vyote viwili huiumiza njia ile ile ya amri, wala si mguu wenyewe. Muhogo uliolowekwa vizuri huizuia konzo. Hakuna mtu aliyepatikana kwamba ndiye aliyeifunga miguu ile.

Nasema hayo kwa sababu nimeyaona madhara. Baba mmoja wa Katuba alipooza upande mmoja. Ndugu zake walikaa majuma sita wakitafuta ni nani aliyemtupia ulozi. Walimshuku shemeji, wakamshuku mkubwa wake wa kazi, wakalipa mpiga ramli, kisha wakalipa mwingine aliyejiita mtu wa maombi. Sitabishana nawe juu ya ulozi wote, nasema juu ya mkono huu tu. Baba yule alikuwa na damu iliyopanda sana, na vidonge vyake alikuwa ameviacha tangu miezi mingi. Majuma yale sita yalikuwa sehemu ya miezi mitatu ya kwanza, ambamo ubongo hutafuta vijia vyake kwa bidii kuliko wakati wo wote. Alipoletwa kwetu bega lilikuwa limeteguka, kwa kuwa walikuwa wakimwinua kwa kuuvuta mkono. Kuomba ni vema, nami naomba pamoja na wagonjwa wangu. Lakini kumtafuta adui hakumfungulii mgonjwa vidole.

Je, kijia hufunguka chenyewe? Kwa sehemu, ndiyo. Zaidi ya hapo hakifunguki mpaka kikanyagwe. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake huko Marekani walieleza habari za tumbili waliopata jeraha dogo katika sehemu ya ubongo inayoutawala mkono. Tumbili waliolazimishwa kuutumia mkono ule kuchukua vipande vya chakula katika vishimo vidogo, mahali pa mkono katika ubongo wao palihifadhiwa, na kwa wengine pakaongezeka. Lakini tumbili walioachwa bila kazi, mahali hapo pakazidi kupungua, hata pale ambapo jeraha halikufika. Fahamu neno hili, ndugu: sehemu nzima, isiyoumia, ilipotea kwa kukosa kazi.

Ukisema, hao ni wanyama, basi sikiliza habari za watu. Katika mji ule ule wa Jena, alikoishi Berger, Joachim Liepert na wenzake waliwachukua wagonjwa 13 wa kiharusi, wengi wao wakiwa wamepooza kwa miaka. Kwanza walipima kwa sumaku ni eneo gani la ubongo linaloweza kuusogeza msuli wa kidole gumba. Upande ulioumia eneo lilikuwa dogo. Kisha siku 12 waliufunga mkono mzima usifanye kazi, na ule mdhaifu ukafanyishwa mazoezi mengi. Walipopima tena, eneo lilikuwa limepanuka, na sehemu za jirani zilikuwa zimeingia kazini. Baada ya miezi sita maeneo ya pande mbili yalikaribia kuwa sawa. Habari hii ilitoka mwaka 2000. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliijaribu njia hii ya kuufunga mkono mzima kwa wagonjwa 222, nao waliofanyishwa hivyo waliutumia mkono wao vizuri kuliko wenzao.

Lakini usifanye haraka kufunga mkono wa mtu! Wagonjwa wale wote waliweza tayari kufungua kiganja na vidole kidogo. Mtu ambaye mkono wake hausogei kabisa, ukimfunga na ule mzima, umemfanya mfungwa tu. Wala usimfunge anayetembea kwa fimbo, ataanguka.

Tuzirudie zile nyuzi chache zisizovuka. Jeraha likiwa kubwa, upande mzima wa ubongo hujaribu kusaidia kwa njia hizo. Husaidia kweli, lakini ni kama njia ya Ilebo: mzigo hufika mchache na kwa kuchelewa, na bega husogea kabla ya vidole, na kiwiko hukunjwa mtu alipotaka kukinyosha. Wagonjwa wengi waliopona vizuri, mawimbi yao yalionyesha kwamba kazi imerudi upande ulioumia, kando ya jeraha. Kwa hiyo hatupendi mtu azoee kuurusha mkono wote kwa bega kila anapotaka kushika kitu. Twapenda ajaribu kwa vidole, hata kama vidole vinatetemeka.

Sasa niseme kosa langu. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, katika hospitali nyingine, nilimhudumia mshonaji wa nguo. Siku ya tatu aliweza kunyosha vidole viwili. Nilifurahi, nikamwambia mke wake, "Mwache apumzike, mama. Umlishe, umvike, umfanyie yote." Mama yule alitii. Alimlisha kwa kijiko mwaka mzima, naye hakumwacha hata afunge kifungo cha shati. Waliporudi, mkono ulikuwa umekunjamana kifuani, na kucha zilikuwa zimeingia katika kiganja. Mama akaniambia, "Munganga, tulifanya kama ulivyosema." Katika siku za kwanza ubongo hupigwa na bumbuazi, mgonjwa hujaribu mkono, hushindwa, huaibika, huacha. Bumbuazi likiisha, amekwisha kuzoea kutokuutumia. Edward Taub wa Marekani aliliona jambo hili na kulipa jina, ni kama kusema kutotumia kwa mazoea. Mimi nililifundisha kwa mdomo wangu.

Basi tufanye nini hapa kwetu, ambapo mashine nilizozitaja ni shida kuzipata na umeme hukatika? Usiuze shamba wala kinga yako ili utafute sumaku ya kichwa. Mashine zimewafundisha madaktari, na mafundisho yake waweza kuyatumia kwa mikono mitupu. Huko Uholanzi waliwaangalia wagonjwa 188 katika siku tatu za kwanza, wakauliza mambo mawili tu: Je, aweza kuinua mkono kwa upande toka begani, hata kidogo? Je, aweza kunyosha vidole, hata kidogo? Aliyeweza yote mawili siku ya pili, watu 98 kwa 100 wa namna yake walipata tena kazi fulani ya vidole baada ya miezi sita. Asiyeweza hata moja, ni 25 tu kwa 100. Habari hiyo ilitoka mwaka 2010. Mwambie muuguzi akupime hivyo. Na kama huwezi lo lote, jua kwamba 25 nao ni watu.

Siku ya kwanza usimsumbue mgonjwa. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,000: walioamshwa na kutembezwa mara nyingi na kwa muda mrefu kabla ya saa 24 kupita, hawakupona vizuri kuliko wengine, bali walizidiwa. Mgeuze tu kila saa mbili, umlaze mkono juu ya mto, kiganja kimefunguka. Asipewe maji wala uji mpaka muuguzi aangalie kama anameza sawasawa, maana chakula kitaingia mapafuni. Kwa ye yote anayepatwa sasa hivi na mdomo kwenda upande, mkono kuanguka, au maneno kuchanganyika, hapana budi aletwe hospitali saa ile ile, hata usiku. Usimpe aspirini nyumbani, kwa kuwa hujui kama mshipa umezibika au umepasuka.

Toka siku ya pili au ya tatu, daktari akikubali, kazi ianze: kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walihesabu mara ngapi mgonjwa husogeza mkono mdhaifu kwa kazi yenye maana katika kipindi kimoja cha mazoezi. Wastani ulikuwa 32 tu. Tumbili katika majaribio walisogeza mamia kwa mamia kila siku. Kijia hakikanyagwi kwa hatua 32.

Tena kazi iwe ya kweli. Kukandwa mafuta na jamaa ni kuzuri kwa ngozi, lakini ubongo wa mgonjwa umelala wakati mtu mwingine anafanya kazi. Mpe mama karanga za kumenya. Mpe majani ya sombe ayachume katika vijiti vyake. Mpe bakuli mbili na maharagwe, ayahamishe moja moja. Mpe baba kitambaa chenye maji akikamue, mpe kopo tupu alifikishe mdomoni. Aumege bukari mwenyewe, ikianguka, aokote. Mkono ukiwa bado hausogei kabisa, auangalie na ajaribu kwa nia, huku wewe ukiusaidia nusu ya njia tu. Usiuvute kamwe kwa nguvu, wala usimwinue mgonjwa kwa mkono ule, mshike kiunoni.

Juu ya damu iliyopanda nitasema kwa kifupi, maana liko somo lake. Vidonge havikomi siku unapojisikia vizuri. Kipimo kipite chini ya 140 kwa 90. Makayabu yaloweshwe na maji yamwagwe, chumvi ipunguzwe, lutuku na tumbaku viachwe. Kiharusi cha pili hukifunga hata kile kijia kilichofunguliwa kwa taabu.

Mgonjwa atalia, atakasirika, atasema mmechoka naye. Wengine kiharusi chenyewe huwaletea huzuni, wala si ukosefu wa imani. Mwambie daktari, iko dawa. Mjukuu wa miaka minane ni mwalimu mzuri kuliko mtu mzima, kwa kuwa yeye huhesabu wala hahurumii kupita kiasi.

Chukua kopo la maziwa na mfuko wa mahindi makavu. Kila mkono unapofanya tendo moja, mtoto atie punje moja katika kopo. Jioni zihesabiwe, hesabu iandikwe katika karatasi pamoja na tarehe, na punje zirudishwe mfukoni kwa kesho. Siku ya kurudi hospitali uje na karatasi hiyo, hata kama hesabu ni ndogo.